Zamu ya Kudeki Ngazi

Bergen, Alhamisi, 18 Septemba 1997

Anfinn, mdogo wangu,

Mwaka mmoja na miezi mitatu. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeruka salamu zote kulitafuta. Sasa kaa chini usome taratibu. Hujambo? Matufaha yamekubali mwaka huu?

Hukumu ilisomwa jana asubuhi. Roar alisimama na shati jeupe, mama yake amelipiga pasi mpaka kola imekaza. Ana miaka ishirini na miwili, lakini pale kizimbani ungempa kumi na saba. Alipoulizwa kama ameelewa, alisema "Ndiyo" kwa sauti ndogo hata hakimu akamwambia arudie. Mwendesha mashtaka hakuridhika. Anasema ni kidogo mno kwa mtu aliyemwacha mwenzake bubu na mkono umekufa, kwa hiyo amekata rufaa. Nao upande wa kijana wamekata. Kesi itasikilizwa upya Novemba, sote tutaitwa tena tukaape, na mpaka hapo kijana yuko huru.

Kuwa huru maana yake yuko juu ya kichwa changu, ghorofa ya juu yetu. Tulipotoka mahakamani tulikutana kituoni, mimi, yeye na mama yake, Jorunn. Mvua, kama kawaida. Basi la kwetu ni hilo moja, tufanyeje? Wao wakakaa nyuma, mimi mbele. Tuliposhuka walijifanya wanatafuta kitu kwenye mkoba ili nitangulie. Nilipofika mlangoni ufunguo ukagoma kuingia.

Najua sijawahi kukueleza vizuri jinsi ilivyokuwa, kwenye simu nilikuwa nalia tu. Ninyi wa shambani hamna mambo haya, lakini nyumba yetu ina kibao cha mbao chenye kamba, kimeandikwa ZAMU YAKO KUDEKI NGAZI. Wiki yako ikiisha, unakitundika kwenye mlango wa jirani anayefuata. Jumamosi ile baada ya Pasaka, siku nne tangu turudi kutoka kwako, Torleiv wangu aliona ngazi chafu na kibao kiko mlangoni kwetu. Akasema Jorunn ametutupia zamu yake. Akakibeba, akachukua na ndoo na dekio, akapanda juu. Wakajibizana. Roar akatoka, akampiga ngumi moja, na Torleiv akaanguka kinyumenyume ngazi kumi na moja. Mengine unayajua.

Jorunn na mwanawe wanasema Torleiv alimsukuma Jorunn kifuani kwa mpini wa dekio, mara mbili, ndiyo maana kijana akapiga. Mahakama haikuwaamini. Waliona mama lazima amsemee mwanawe. Torleiv hawezi kusema lolote. Mimi nilisema nilikuwa jikoni, redio iko juu, sikusikia kitu.

Naenda kumlisha Torleiv sasa. Kule nyumba ya wagonjwa wanagawa chakula saa sita, na wauguzi wana haraka.

Dada yako,
Borghild


Hardanger, 23 Septemba 1997

Dada Borghild,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara zote mbili nilitaka kuvunja kitu. Mwaka mmoja na miezi mitatu! Na hata huo hajauanza! Anapanda basi, anakula viazi vya mama yake, anaoga maji ya moto juu ya kichwa chako, na shemeji yangu analishwa uji kwa kijiko. Hiyo ndiyo haki ya jijini?

Nimekaa mahakamani kama mzee wa baraza miaka kumi na minne sasa, unajua. Hakimu mwenye joho hukaa katikati, sisi wawili wa mtaani hukaa kando, na kura zetu ni sawa na yake. Wenzangu wengi wakivaa miwani ya huruma hawaivui tena. Kijana alikunywa, kijana alilelewa vibaya, kijana analia. Mimi huwauliza: na aliyepigwa, nani anamlilia? Mtu anayemrusha mzee wa miaka sitini na minane kwenye ngazi atoke mahakamani kwa mlango wa nyuma moja kwa moja hadi gerezani. Na akae huko hadi mama yake asahau anavyopenda mayai yake. Ndivyo ninavyoona, na sioni haya kusema.

Torleiv hakuwa mtu wa ugomvi. Ulimi alikuwa nao, sawa, ungeweza kunyolea ndevu. Lakini mkono? Pasaka ile hapa kwangu alitengeneza lango la kondoo siku nzima kwa mvua na hakuniomba hata kahawa. Eti anampiga mwanamke na dekio! Wanamsingizia kwa sababu hawezi kujibu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ngumi yenyewe.

Nitaandika gazetini. Sitataja jina la mtu, usiogope. Lakini watu wajue.

Wako,
Anfinn


Bergen, Jumanne, 7 Oktoba 1997

Anfinn,

Hukutaja jina. Umetaja ngazi kumi na moja, umetaja kibao, umetaja dekio, umetaja mama anayefanya usafi wa ofisi. Ulidhani tuko wangapi hapa mjini?

Odny wa chini, yule mwenye mbwa mdogo, alilikata gazeti akalibandika kwenye mlango mkubwa wa nyumba ili kila anayeingia alione. Limekaa siku mbili. Nililibandua mimi, akaniuliza, "Kulikoni, Borghild? Ndugu yako kasema kweli tupu!" Sasa anapita mlango kwa mlango na karatasi. Wanaiomba kamati ya nyumba iwaondoe kina Myklebust, Jorunn na mwanawe, kabla ya Krismasi. Familia sita kati ya nane zimetia sahihi. Ya saba ni kina Myklebust wenyewe. Ya nane ni mimi.

Nilimwambia Odny nitaisoma kwanza. "Usome nini?" akasema. "Ni mistari mitatu!"

Juzi nilishuka kufua na Jorunn alikuwepo. Hatujaongea tangu Aprili. Anaondoka saa kumi alfajiri kwenda kusafisha maofisi, anarudi saa tano, usoni amekwisha. Aliniambia, "Bi Skjelvik, ile mashine ya pili haina mtu." Nikasema asante. Akaendelea kukunja mashuka, akakunja, akakunja, kisha akasema bila kuniangalia, "Mimi siogopi kuhama. Nimehama mara nyingi. Lakini naitwa mwongo na watu ambao nimewadekia ngazi miaka tisa, na wewe unajua." Akachukua kapu lake akatoka.

Zamu yao ilikuwa wiki iliyopita. Roar ndiye anayedeki sasa. Anapiga magoti, anasugua kila ngazi kwa brashi, hata pembeni ambako sisi wengine tunapitisha maji tu. Nilipopanda alisimama akaegemea ukuta kunipisha. Nikapita, nikaingia kwangu nikafunga mlango. Anfinn, yule mtoto nilimjua tangu ana miaka kumi na mitatu. Alikuwa akinibebea viazi kutoka dukani.

Tafadhali usiandike tena gazetini.

Borghild


Hardanger, 13 Oktoba 1997

Dada,

Nakuonea huruma lakini sikuelewi. Nyumba nzima iko nyuma yako, na wewe ndiye umeikalia karatasi! Kama unaogopa kijana atazidisha hasira, sema, nitakuja kulala kwako wiki nzima, na shoka nitalileta. (Natania. Nusu.)

Na usidanganyike na magoti. Miaka kumi na minne nimeyaona magoti. Wote hudeki kabla ya rufaa. Wengine hujiunga na kwaya.

Kuhusu huyo mama na "wewe unajua" zake, ni ujanja. Anataka uingie mahakamani umelegea. Ngoja nikupe kisa. Majira ya baridi yaliyopita tulikuwa na shahidi aliyeapa kwamba kaka yake alikuwa nyumbani siku magogo yalipoibwa. Ikaja kugundulika ni uongo. Mtu mzuri, ana watoto, anapiga kinanda kanisani. Hakimu alikuwa tayari kumpa kifungo cha nje, eti alisukumwa na mapenzi ya ndugu. Nikamwambia, Mheshimiwa, sheria haina kaka wala dada. Mwizi huiba magogo, lakini mwongo wa kiapo huiba mahakama yenyewe. Akaenda ndani siku arobaini, na nililala vizuri.

Kwa hiyo wewe nenda Novemba ukaseme yale yale uliyosema. Ukweli hauhitaji kupambwa. Kisha utie sahihi karatasi ya Odny, tumalize.

Matufaha yalikubali. Nakuletea makapu mawili.

Anfinn


Bergen, Jumapili, 26 Oktoba 1997

Mdogo wangu mpendwa,

Barua hii nimeianza mara nne. Ikikufikia, isome ukiwa peke yako.

Redio haikuwa juu. Redio ilikuwa imezimwa. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wetu uliokuwa wazi, na nilisikia kila neno.

Wiki ya Pasaka ilikuwa zamu yetu. Kwa kuwa tulikuwa tunakuja kwako, nilimwomba Jorunn atudekie, nami ningedeki wiki inayofuata, ambayo ilikuwa yake. Tulipatana pale kwenye masanduku ya barua, akasema, "Hakuna shida, nendeni mkapumzike." Akadeki, tena kwa sikukuu, kisha akatundika kibao kwetu kama tulivyokubaliana. Mimi nikasahau kumwambia Torleiv. Ni hilo tu. Nikasahau mpaka Jumamosi ile nilipomsikia juu akimwita mvivu na mchafu. Mwanamke anayesafisha kwa ajili ya riziki yake, akamwambia ananuka uvivu.

Jorunn alisema, "Lakini mke wako ndiye aliyeniomba." Na Torleiv akasema, "Usimsingizie mke wangu!" Alinitetea, Anfinn. Alikuwa na hasira kwa ajili yangu. Nami nilikuwa nimesimama chini na ningeweza kusema neno moja tu, "Kweli, Torleiv, ni mimi," na angeshuka, angeninunia mpaka jioni na tungekula chakula. Sikusema. Unaujua mdomo wake. Niliona aibu kukemewa mbele ya majirani kwa ajili ya dekio. Nilifikiri watanyamaza wenyewe.

Kisha nikasikia mpini ukigonga kifua. Ule mlio huwezi kuukosea. Mara mbili. Jorunn akalia, "Acha!" Ndipo mlango ukafunguliwa na kijana akatoka.

Polisi waliponiuliza siku ile, Torleiv alikuwa bado yuko chumba cha upasuaji. Ningewezaje kusema vibaya juu yake? Nikasema redio. Wakaandika. Septemba nikainua mkono nikaapa, nikarudia yale yale yaliyoandikwa. Wakili wao akaniuliza juu ya kubadilishana zamu, nikasema sikumbuki. Jorunn alikuwa ameketi mbele yangu. Aliinamisha kichwa.

Roar alimpiga mume wangu na akamharibia maisha, hilo silifuti, na kila nikimfuta Torleiv mdomo namchukia upya. Lakini anahukumiwa kama mtu aliyempiga mzee bila sababu. Sababu alikuwa nayo, na mimi ndiye niliyeificha. Novemba wataniuliza tena. Nisipoyasema, huenda wakamwongezea miaka miwili. Nikiyasema, nimemvua nguo Torleiv mbele ya watu na hawezi hata kujifunika, na mimi mwenyewe ni yule mpiga kinanda wako.

Wewe ni mzee wa baraza. Niambie nifanye nini.

Borghild


Hardanger, 29 Oktoba 1997

Borghild,

Nyamaza.

Usiandike tena juu ya jambo hili, wala usiliongee kwenye simu. Una miaka sitini na minne na moyo wako si mzima. Ulikuwa umechanganyikiwa, mumeo alikuwa anakufa, nani angekumbuka redio? Pengine hata sasa huna hakika. Pengine umefikiri sana hadi umeanza kusikia ambayo hukusikia. Huwatokea mashahidi, nimeona.

Kijana alipiga. Torleiv hasemi. Hayo mawili hayabadiliki kwa lolote utakalolisema. Sema hukumbuki, kaa chini, rudi nyumbani.

Mimi ni ndugu yako kabla sijawa kitu kingine.

A.


Bergen, Jumapili, 9 Novemba 1997

Anfinn,

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilicheka nilipoisoma barua yako, kisha nikalia. Siku zako arobaini zilikwenda wapi? Mpiga kinanda naye ana dada mahali fulani, na naamini alimwandikia vivyo hivyo.

Sikukasirikii. Kwa kweli ilinipa joto kujua kuna mtu mmoja duniani anayetaka nisifungwe. Jorunn naye hataki mwanawe afungwe, na hakudanganya hata neno moja. Nikiwaza hilo sipati pa kuuweka uso.

Jumatano nilimwambia Torleiv. Daktari anasema anaelewa kila kitu, ila njia ya kutokea maneno ndiyo imeziba. Nilimlisha kwanza, supu ya samaki, alikula vizuri na alikuwa ameshika mkono wangu kwa ule wake wa kushoto uliobaki mzima. Nikafunga mlango. Nikamwambia nitakwenda kusema kuhusu mpini. Hapo aliniangalia tu, kama mtu aliyekuwa akingoja. Nadhani alijua siku moja litasemwa. Alikuwa nalo kifuani miezi yote hiyo bila mdomo wa kulitolea.

Kisha nikamwambia kuhusu zamu. Kwamba Jorunn alisema kweli. Kwamba mimi ndiye niliyeomba, nikasahau, na nilikuwa nimesimama mlangoni nikisikia akinitetea.

Hilo hakuwa analijua, Anfinn. Miezi saba amelala pale akiamini kwamba angalau alikuwa na haki juu ya ngazi zile. Aliniangalia muda mrefu. Akautoa mkono wake kwenye wangu, taratibu, akauingiza chini ya blanketi. Akageukia ukutani.

Kesi ni tarehe kumi na nane. Nitasema.

Borghild


Bergen, Alhamisi, 27 Novemba 1997

Mdogo wangu,

Umepiga simu mara tatu na sikupokea. Nisamehe. Nilitaka kwanza ninyooshe mawazo.

Nilisema yote. Hakimu wa rufaa ni mwanamke wa umri wangu, ana sauti ya upole. Alinisomea maneno yangu ya Septemba kisha akauliza, "Bi Skjelvik, haya bado ndiyo maelezo yako?" Nikasema, "Hapana. Redio ilikuwa imezimwa." Mwendesha mashtaka akainuka haraka akataka nikumbushwe kwamba silazimiki kujitia hatiani. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekwisha jitia." Nikaendelea. Nilisema juu ya masanduku ya barua, juu ya mvivu na mchafu, juu ya mpini. Waliniuliza kwa nini sikuyasema mapema. Nilikuwa nimeandaa jibu refu, likanipotea. Nikasema niliona aibu.

Hukumu ya Roar ilitolewa Jumatatu. Miezi sita, na mitatu kati yake ni ya nje. Waliandika kwamba ngumi ni ngumi, na kwamba aliyeipiga alichokozwa vikali mbele ya mama yake. Ataitwa gerezani mwakani, nafasi ikipatikana. Odny hanisalimii. Karatasi yake ameichana, au ameificha, sijui. Polisi nao wameniandikia, nitahojiwa Desemba kwa kiapo cha uongo. Wakili anasema kwa kuwa nimejirekebisha mwenyewe huenda nikasamehewa kifungo. Huenda.

Usidhani Jorunn alinikumbatia. Tulikutana kwenye korido, nikasema, "Nisamehe." Akasema, "Miezi saba na nusu, Bi Skjelvik. Kila siku nilipopita mlangoni kwako nilipunguza mwendo, nikifikiri leo utaufungua." Akavaa kofia yake. Roar alisimama nyuma yake, akanitikisia kichwa mara moja, na wakaondoka. Safari hii walipanda basi kabla yangu na sikutaka kuwafuata. Nilingoja linalofuata.

Watu watasema nimefanya jambo jema. Mchungaji amekwisha sema. Lakini huyo kijana alikuwa akiadhibiwa kwa neno ambalo sikulisema, na Torleiv ameadhibiwa kwa neno lile lile, yeye maisha yake yote. Hakuna mahakama iliyonihukumu kwa lile la kwanza, la pale mlangoni, wala hakuna sheria inayolijua.

Torleiv hali kutoka mkononi mwangu tena. Muuguzi akimpa, anafungua mdomo. Nikimpa mimi, anafunga. Wauguzi wanaona vibaya kwa ajili yangu, wananiambia ni ugonjwa. Si ugonjwa. Leo nilimpelekea uji wa maziwa na mdalasini kama anavyoupenda. Nilikaa na bakuli mapajani hadi ukapoa. Kesho nitakwenda tena.

Dada yako,
Borghild


Hardanger, Jumapili, 30 Novemba 1997

Dada yangu Borghild,

Leo kanisani waliwasha mshumaa wa kwanza wa majilio ya Krismasi na sikusikia hata neno moja la mahubiri. Nilikuwa nakuona wewe na lile bakuli.

Ijumaa niliandika mahakamani kwetu waliondoe jina langu kwenye orodha ya wazee wa baraza. Sikueleza sababu. Sababu ni kwamba ulipouliza, nilikuwa na jibu moja kwa watu na jingine kwa dada yangu, na lile la dada yangu lilinijia haraka zaidi. Yule mpiga kinanda alinijia usingizini mara mbili wiki hii. Hakusema lolote, alikuwa tu ameketi. Sijui kama tulikosea kumfunga. Ninachojua ni kwamba sikupaswa kulala vizuri.

Niliandika gazetini pia, kusahihisha. Nilisema nilitangaza habari nusu na mama mmoja msema kweli akaitwa mwongo kwa sababu yangu. Ile ya kwanza waliichapa baada ya siku tatu. Hii mhariri amenipigia, mtu mpole kweli, akasema nafasi ni finyu, watu sasa wanataka habari za Krismasi, na kwa vyovyote jambo limekwisha poa. Nikamwambia halijapoa kwa aliyetajwa. Akasema anaelewa. Hakuna alichoelewa.

Kuhusu Torleiv. Nilisema hakuwa mtu wa mkono. Nilikuwa namkumbuka na lango la kondoo, na lile lango lilikuwa kweli. Mpini nao ulikuwa kweli. Ameufunga mdomo kwa sababu ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha kufunga. Mwache aufunge. Usimbembeleze, na usiache kwenda. Kama mdomo unafunguka kwa mwingine, mwingine amlishe, wewe kaa pale. Kama ni miaka, iwe miaka. Siku ya mahojiano ya polisi nitakuwa nimeketi nje ya mlango, wapende wasipende. Wakikufunga, nitakuwa nakuja kila Jumamosi, na kondoo jirani atawaangalia.

Naja Ijumaa kwa basi la asubuhi. Nitakuwa hapo saa saba. Lakini nikigonga mlango mkubwa usishuke, bonyeza tu kitufe cha kuufungua kisha ubaki ndani. Nitapita mlangoni kwako nipande kwanza juu, kwa mama yule. Sijui nitamwambia nini. Nimejaribu kuandika, kila ninachokiandika kinanuka uzee wa baraza. Pengine atanifungia mlango, nami nitastahili. Ila nataka anione uso, mimi niliyemwandika gazetini.

Usitenge chakula mpaka utakaponisikia nashuka.

Ndugu yako,
Anfinn